Ngamia Ishirini Ambao Sijawahi Kuwakamua

Lopur, kupitia Kakuma.

Kwa Ndugu Wekesa,
Msimamizi wa Miongozo,
Kampuni iliyotengeneza Chungulia,
Nairobi.

Ndugu Msimamizi,

MINT: KUREKEBISHWA KWA MALI YANGU

Nakusalimu kwa heshima, na kwa lugha ya kwetu nasema ejok. Mimi ni Apua Ekwam, naibu wa chifu mstaafu, mgane, mkazi wa Lopur. Hatujawahi kuonana, lakini kampuni yako inajua mali yangu kuliko ninavyoijua mwenyewe, na hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Sina elimu ya kompyuta. Nitaeleza kama nilivyoeleweshwa, unisahihishe nikikosea. Kuna watu wanaokopeshana sarafu zisizoshikika ziitwazo kripto. Anayetaka mkopo huacha kwanza sarafu zake nyingine zishikiliwe kama dhamana. Bei ya dhamana ikishuka sana, inauzwa papo hapo bila mwenyewe kuitwa. Ninyi mmetengeneza chombo kinachoitwa Chungulia, ambacho kazi yake ni kuonyesha nani ameweka dhamana gani, amekopa kiasi gani, na amebakiza nafasi gani kabla ya kuuziwa. Na anayechungulia si mtu. Ni wakala wa akili bandia, yaani programu ambayo mtu huituma kutoka kwenye simu yake ikamtafutie majibu. Niliposikia neno wakala niliuliza kibanda chake kiko wapi, kwa kuwa wakala ninayemjua mimi ana kibanda, ana mwavuli, na kila ukimwendea hana salio. Nikaambiwa huyu hana kibanda. Hapo ndipo nilipopaswa kuingiwa na wasiwasi.

Mpwa wangu Namuar, binti wa dada yangu, anakaa Lodwar, na ndiye mliyemwajiri aandike mwongozo wa Chungulia kwa Kiswahili. Alikuja kunisalimia akaniambia, "Mjomba, hili neno dhamana watu hawatalielewa nikilieleza kwa sarafu. Nitalieleza kwa ngamia."

Nikamwambia amefikiri vizuri.

"Basi naomba nitumie jina lako kwenye mfano."

Mimi nilidhani ni mfano kama wa vitabu vya hesabu, ambapo fulani ana machungwa matano akampa dada yake mawili. Sijawahi kusikia mtu akimfuata huyo fulani nyumbani kuulizia machungwa. Nikakubali, na nikiri kwamba nilifurahi kidogo.

Namuar akaandika hivi, na nanukuu: "Apua Ekwam wa Lopur ameweka dhamana ya ngamia ishirini. Amekopa karibu thamani yao yote. Bei ikishuka kidogo, ngamia wake watauzwa." Chini yake akaandika kwamba huo ni mfano tu. Mawakala wenu walisoma ya juu, wakaacha ya chini.

Kutokana na hayo, naleta malalamiko yafuatayo.

1. Sina ngamia ishirini. Zamani nilikuwa na kundi la kuridhisha, lakini ukame ulipokuja ukakaa, nikazika karibu wote. Sasa ninao watatu, na mmoja kati yao amezeeka hata kunishinda. Mbuzi wapo, wachache. Huenda huko Nairobi mtu akiongezewa ngamia kwa maandishi si kitu. Huku kwetu ukimwambia mtu ana ngamia ishirini, umemwongezea pia wageni.

2. Lalamiko la pili ni refu kwa sababu ndilo linaloniuma.

Mwanangu Ebenyo ni fundi wa pampu za maji mjini Kakuma. Siku moja aliitwa kambini, kwenye shule ambayo bomba lake lilikuwa limepasuka, na hapo akakutana na mwalimu aitwaye Ayen. Ayen ni binti wa Mzee Jok, Mdinka kutoka Sudan Kusini, mwenye duka la sukari na vitenge mle kambini. Bomba lilitengenezwa asubuhi hiyohiyo, lakini mwanangu aliendelea kwenda kulikagua mwaka mzima. Hakuna bomba lililokaguliwa namna ile Turkana nzima. Hatimaye akaniambia, "Baba, nataka twende kwa Mzee Jok." Nikamuuliza kama bomba limepona. Akacheka, nami nikajua mambo yameiva.

Kwa Wadinka, kama kwetu, mahari ni mifugo. Nilikuwa nimepanga kumweleza Mzee Jok hali yangu polepole, tukishazoeana, baada ya chai. Chai haikuja. Tulikaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya duka, mimi na Ebenyo upande mmoja, na upande wa pili Mzee Jok, mkewe, na mwanawe Deng, ambaye ni kaka yake Ayen. Deng huuza simu, na katika simu yake mwenyewe ana wakala ambaye yeye humuuliza kila kitu, hata kama mvua itanyesha, wakati angeweza kutazama juu.

"Ya Mzee Apua," Deng akaanza, "sisi tumekuchunguza kidogo. Si kwa ubaya."

"Mmenichunguza wapi?"

Akainua simu. "Huyu anasema uko na ngamia ishirini, lakini zote zimeshikwa na mkopo. Bei ikianguka kidogo tu, zinaenda. Sasa dada yangu ataolewa na nini? Na risiti?"

Nikajibu haraka, kwa kuwa nilikuwa na ukweli upande wangu. "Hao ngamia hawapo," nikasema.

Mzee Jok akanigeukia. "Wameshauzwa?"

"Hawajauzwa. Hawajawahi kuwepo."

"Wewe umekopa pesa ya watu kwa ngamia ambazo hazipo?"

Ndugu Msimamizi, nilikaa pale nikiwa mdaiwa, na kabla sijainuka nilikuwa nimepanda cheo nikawa tapeli. Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Nilisema ni mpwa wangu aliyeandika. Deng akasema kumbe ni familia nzima. Ebenyo alikuwa akitazama viatu vyake. Ayen, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia tupu, aligeuka akaingia ndani. Tulisindikizwa hadi barabarani kwa heshima kubwa, ile heshima ambayo mtu anapewa ili asirudi.

Njiani mwanangu hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Baba, kwa nini hukuwaambia mapema tunao watatu?" Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu. Niliwahi kusimama mbele ya baraza nikawaambia watu wauze mifugo kabla ukame haujawamalizia, nami mwenyewe sikuuza hata mmoja.

3. Nikiwa bado sijapoa, kamati ya msaada wa ukame ya hapa kijijini ikaniondoa kwenye orodha ya unga. Nilikwenda kwa mwenyekiti, mtu ambaye nilimfunza mwenyewe kuendesha mkutano. Kumbe naye ana wakala kwenye simu.

"Mzee," akaniambia, "mwenye ngamia ishirini hawezi kupanga foleni na wajane."

"Lakini hao ngamia wana mkopo," nikasema. Nilikuwa nimechoka kusema hawapo.

"Si ndiyo hayo? Maskini nani angemkopesha?"

Kwa hiyo Kakuma mimi ni maskini kwa sababu ya ngamia hawa, na Lopur mimi ni tajiri kwa sababu ya ngamia haohao. Naomba kampuni iamue moja. Ama niwe tajiri kote, ama niwe maskini kote. Mtu mzima hawezi kubadilishwa hali kila anapovuka laga, yaani mto mkavu.

4. Halafu bei ya kripto ikashuka. Sijui ilishuka wapi wala nani aliiangusha, ila mawakala wenu walichukua habari hiyo wakaichanganya na mfano wa Namuar, na wakaanza kumjibu kila anayeuliza kwamba ngamia wa Apua Ekwam wameuzwa.

Watu wakaja kunipa pole. Walikuja kwa miguu kutoka mbali, wakakaa, wakaniletea tumbaku. Mama mmoja alilia kweli, kwa sababu mwaka wa ukame nilimzikia ng'ombe wake, na alidhani sasa ni zamu yangu. Ungefanya nini mahali pangu? Niliwashukuru. Huwezi kumfukuza mtu aliyetembea na machozi juani.

Siku iliyofuata akaja mchuuzi wa mbuzi kutoka Kainuk. Akaapa kwamba amewaona ngamia wangu kwa macho yake kwenye kizuizi cha polisi, juu ya lori, wakipelekwa Kitale. Alisema ameitambua alama yangu kwenye masikio yao. Nilimwangalia mtu huyo kwa muda mrefu, Ndugu Msimamizi, halafu nikajisikia nikimuuliza, "Walikuwa na afya?"

Akasema walikuwa wamenona. Nami nikafurahi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba chombo chenu kimeanza kuniharibu akili.

5. Lalamiko la tano nalileta kwa shida, kwa sababu lina furaha ndani yake, na furaha haikai vizuri katika barua ya aina hii.

Nilimpigia Namuar simu Lodwar nikampa maneno makali. Hakujitetea. Alipanda gari la kwanza, akafika Kakuma na vumbi lake lote, akanikuta mjini na kuniambia, "Twende kwa Mzee Jok sasa hivi." Nilimwambia hatutapokewa. "Basi tutasimama nje," akasema. Tukamchukua Ebenyo kazini, akiwa na spana mfukoni, tukaenda.

Tulimkuta Mzee Jok akipima sukari. Hakutukaribisha, ila hakutufukuza pia. Namuar akamwamkia kwa adabu, kisha akamgeukia Deng.

"Kaka, hicho chombo nimekiandikia mwongozo mimi. Chungulia hutafuta anwani ya pochi ya kripto. Mjomba hana pochi ya kripto."

Nilianza kutoa pochi yangu ya ngozi ili ionekane kwamba ninayo. Namuar akaurudisha mkono wangu taratibu.

"Kwa hiyo wakala wako alipomtafuta hakupata kitu," akaendelea. "Na huyu wakala akikosa jibu hasemi sijui. Hushika lililo karibu akakuletea. Lililokuwa karibu ni mfano wangu. Hakuna ngamia, hakuna mkopo. Mjomba hajamdanganya mtu. Kosa ni langu, niliweka jina la mtu wa kweli. Mzee, naomba unisamehe."

Deng aliitazama simu yake kama mtu aliyegundua kwamba rafiki yake mkubwa ni mwongo. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kuliko ile ya kwanza, "Sasa Mzee Apua uko na nini hasa?"

Wote wakaniangalia. Ebenyo pia.

"Ngamia watatu," nikasema. "Mmoja ni mzee. Mbuzi wachache. Wengine walikufa. Nilikuwa nataka kuwaambia siku ile, nikashindwa."

Mzee Jok aliweka kopo la sukari chini. Alifuta mikono yake polepole hata nikaanza kuaga moyoni. Ndipo akasema, "Mimi nilifika hapa na watoto na mkeka. Ng'ombe zangu zilibaki upande wa Bor. Mpaka leo, jioni, naita majina. Mabior. Malual. Naita zote mpaka ziishe. Huyu Deng hajui hata moja, na simu yake haijui." Akavuta kiti cha plastiki akanisogezea. "Kumbe wewe pia unafuga kwa mdomo. Kaa chini."

Nilikaa. Nadhani macho yangu yaliingia vumbi, kwa kuwa siku hiyo palikuwa na upepo.

Ayen akatoka ndani. Hakuniangalia mimi wala ndugu yake. "Baba," akamwambia Mzee Jok, "hao ng'ombe na hao ngamia wakae pamoja wakubaliane wao wenyewe. Mimi nataka kuolewa na huyu fundi, kabla hajapasua bomba lingine makusudi."

"Sikupasua," Ebenyo akasema.

"La pili ulipasua."

Hapo Mzee Jok alicheka mpaka akashika meza, na mkewe akaleta chai. Tulikubaliana mahari italetwa polepole, kila mvua ikinyesha vizuri, na tutaanza na mbuzi. Ngamia mzee alikataliwa kwa sauti moja, kwa heshima.

6. Pamoja na hayo yote, Ndugu Msimamizi, nisieleweke kwamba nimeridhika. Mawakala wenu bado wanasema yaleyale. Namuar ananiambia kwamba yeye ameshaondoa jina langu kwenye andiko lake, lakini haliwezi kubadilika huko lilipo mpaka wewe uidhinishe, na kwamba amekuandikia mara nyingi ukamjibu kwamba suala linashughulikiwa. Nilifanya kazi serikalini. Najua maana ya neno hilo.

Kwa hiyo naona nikufikishie hesabu yangu mimi mwenyewe. Ikiwa kampuni inashikilia kwamba nina ngamia ishirini, basi ngamia ishirini hutoa maziwa, na maziwa hayo sijayaona. Majike katika kundi la namna hiyo huzaa, na ndama sijawaona pia. Ikiwa niliwaweka dhamana, basi nilipewa mkopo, na mkopo huo haujanifikia. Naomba uutume kwa njia ya kawaida, kupitia wakala mwenye kibanda. Ikiwa wameuzwa, naomba kujua aliyewanunua, kwa sababu kuna mchungaji mmoja hapa Lopur anadai kwamba alikuwa akiwachunga na hajalipwa. Nimejaribu kumweleza. Ana mashahidi.

Zaidi ya hayo, kwa mila yetu anayeharibu jina la mtu hutozwa mbuzi, na huja mwenyewe kuomba radhi akiwa na sukari na tumbaku. Ninadai wakala huyo aje Kakuma, akae kwenye kiti cha plastiki mbele ya Mzee Jok, aseme kwa mdomo wake kwamba alibahatisha. Ikiwa hana mdomo, njoo wewe. Naamini unao.

Mwisho kabisa, na hili ndilo kiini cha barua yangu: ninataka ngamia wote ishirini wafutwe, pamoja na deni lao, kabla ya harusi, na jina la Apua Ekwam lisitumike tena kueleza jambo lolote kwa mashine yoyote. Mkihitaji mfano, tumieni jina lako. Sitakubali ngamia hata mmoja abaki, hata kwa wino hafifu. Mtu anapaswa kujulikana kwa mifugo aliyo nayo.

Wasalimie wote hapo ofisini, walinzi langoni, na anayewaletea chai. Msalimie mama watoto kama unaye, na wazazi wako kule Magharibi mwa Kenya, waambie mvua yao ikizidi watusukumie kidogo. Namuar anakusalimu, ingawa hajui kwamba ninakuandikia. Mzee Jok, Ayen na Ebenyo wanakusalimu. Deng bado hasalimii mtu anayehusiana na simu.

Ni mimi, ninayesubiri kupunguziwa mali,

Apua Ekwam,
Naibu wa Chifu Mstaafu, Lopur.

N.B. Barua hii ilikuwa imeshafungwa kwenye bahasha Mzee Jok alipofika hapa kwangu kwa pikipiki, amekunja uso. Kaka yake mkubwa, anayeishi Australia, ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu ndoa za ukoo wao. Alipoambiwa mahari ni mbuzi na ngamia wawili, alisema harusi haipo. Juzi akamtuma wakala wake wa huko akachungulie. Sasa amepiga simu kuwapongeza. Anasema mtu anayeaminiwa mkopo wa ngamia ishirini, hata wakiuzwa, si mtu wa kudharauliwa, na amejitolea kulipia ng'ombe wa karamu. Mzee Jok ananiomba kwa unyenyekevu nikuombe, nami nakuomba kwa unyenyekevu zaidi, usifute chochote mpaka harusi ipite. Ikiwezekana wafanye thelathini. Deni unaweza kuliondoa. Ngamia waache.